Hakuna Anayekufa kwa Simu

Msichana anayeitwa Wangu hapendi spika. Hilo ndilo lililonifanya nimpende, na mimi si mtu wa kupenda watu upesi. Alirithi nyumba ya nyanya yake Kilimani, nyumba ya mawe ya zamani iliyobaki peke yake katikati ya maghorofa, akakataa kuwauzia wajenzi. Akageuza jiko kuwa mkahawa, uani akatandaza turubai na viti sitini, na kila Alhamisi jioni kuna muziki. Hakuna maiki. Ukitaka kusikia, unanyamaza. "Hapa ni unplugged, mzee," aliniambia siku ya kwanza, na nilipoelezwa maana yake nilicheka sana, kwa sababu nyatiti yangu, kinubi chetu cha Waluo, haijawahi kuchomekwa popote tangu baba yangu aichonge.

Jina langu Oduor. Mchana natengeneza viti na vitanda kando ya Ngong Road. Alhamisi naketi kwenye kigoda, navaa njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, ile ya kugongea ubavu wa nyatiti, na kuanza kazi na nyuzi zangu nane. Wasikilizaji wangu ni vijana wa ofisi za Kilimani na Hurlingham, wenye ndevu za kuchanwa na shanga za bei ghali, wanaokunywa chai ya tangawizi kwa bei ambayo nyumbani kwangu ingelisha watu watatu. Wananiita "legend". Nawadharau kidogo na kuwapenda kidogo. Angalau hawasemi kwamba nyimbo zangu ni za shetani.

Aliyekuwa akisema hivyo ni Ajwang, mjane wa rafiki yangu Ogola. Ajwang hushona sare za shule Kawangware, na kanisa lao la kanzu nyeupe halina mchezo na nyimbo za dunia. Mwanawe wa pekee, Zedekiah, alikuwa fundi wa stima, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye vidole virefu na mdomo mrefu zaidi. Mwaka juzi alianza kuja kwangu kwa siri kujifunza orutu, kile kizeze cha uzi mmoja. Siri ilidumu wiki tatu. Mama yake alikuta upinde chini ya godoro, akauvunja kwa goti, kisha akaja hadi kwenye kibanda changu cha viti akaniambia mbele ya wateja kwamba namuibia mtoto. Tangu siku hiyo hakunisalimu. Tulikuwa tukipishana njiani kama watu wasiojuana, mimi niliyelibeba jeneza la mume wake.

Zedekiah hakuacha. Nilimtengenezea upinde mwingine, akauficha kwangu. Nitasema ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu: kijana yule alikuwa amenipita. Mimi napiga nilichofundishwa. Yeye alikuwa akikichukua hicho hicho, anakivuta pembeni kidogo, na watu wanaacha vikombe vyao mezani. Nina wanangu wawili Mombasa ambao wakiiona nyatiti wanaona umaskini. Nilimpenda Zedekiah kuliko wao, na Mungu anisamehe kama kuna cha kusamehe hapo.

Alhamisi ninayoizungumzia ilikuwa ya mwezi wa saba, baridi kali na manyunyu yasiyokatika. Saa kumi jioni Zedekiah alinipigia kutoka Muthangari, alikokuwa akiweka nyaya kwenye nyumba ya mtu.

"Mzee, huwezi amini. Mama anakuja leo."

"Anakuja wapi?"

"Kwa Wangu! Amesema atakaa tu kidogo aone ni nini inanipotezea usingizi. Mzee, nikiharibu leo, hii kitu nachoma."

"Kuja mapema," nilimwambia. "Na uoge."

Alicheka. Alisema anamalizia soketi mbili tu.

Ajwang alifika saa kumi na mbili, kabla ya watu wote, kabla hata ya mwanawe. Alikuwa na koti zito na kitambaa cheupe kichwani, na mkoba ameukumbatia kifuani. Alikagua uani taratibu: turubai, viti, majiko mawili ya makaa ambayo Wangu alikuwa amewasha kwa ajili ya baridi. Nadhani alikuwa akitafuta chupa za pombe. Hazikuwepo. Akaja akaketi kiti cha mbele kabisa, akaniangalia.

"Shem," alisema.

Mwaka mmoja na nusu sikuwa nimelisikia neno hilo kutoka kwake. "Mama Zed. Karibu sana."

"Sijakuja kwako. Nimekuja kwa mtoto." Halafu akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeshindwa kujizuia. "Amenisumbua miezi mitatu. Mama kuja, mama kuja. Nikaona heri nikuje nimalize hiyo maneno."

Nilikwenda jikoni kukaza nyuzi nikiwa na furaha ambayo ilinitia aibu. Nilikuwa napiga mluzi. Hapo ndipo simu ilipolia, namba nisiyoijua, saa kumi na mbili na nusu.

"Naongea na Oduor?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya haraka. "Napiga kutoka hospitali, hapa Hurlingham. Kuna kijana ameletwa, Zedekiah. Amegongwa na gari. Yuko na madaktari sasa. Tafadhali njoo na mama yake, na mje haraka."

Nikasema nimesikia. Akasema tena, haraka, nami nikasema tena nimesikia, na nikakata simu. Sikumuuliza kitu. Sikumuuliza kijana ana hali gani, wala sikumuuliza namba yangu ameitoa wapi.

Sikuuliza kwa sababu nilijua. Labda wewe msomaji umekulia mahali ambapo mtu akikupigia simu anakwambia jambo lilivyo. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kufa kwa simu. Nilipigiwa kwamba ndugu yangu amelazwa, amekunywa uji, anauliza habari yangu. Nikafika nikakuta yuko mochari tangu jana yake. Nilipigiwa kwamba mama ana homa kidogo, njoo umwone. Nikakuta hema limeshasimamishwa uani. Ndivyo tunavyofanya. Kifo hakisemwi kwa mtu aliye mbali na watu wake, anaweza kuanguka barabarani. Kwa hiyo kwenye simu watu wote huwa wagonjwa, wote wako na madaktari, na wote tunaambiwa tuje haraka. Nami pia nimewapigia wengine hivyo hivyo, zaidi ya mara moja.

Nilimpigia Ajwang mwenyewe. Ogola alipofia Kisumu ni mimi niliyemwambia kwamba mumewe amezidiwa kidogo na anamtaka. Alipanda basi la usiku na chupa ya uji wa wimbi mapajani, ameifunga kwa shuka isipoe. Alishuka stendi asubuhi akiuliza watu hospitali ni upande gani, na mwanamke mmoja wa kijijini kwao, akidhani Ajwang ameshajua, akamshika mkono akamwambia pole kwa msiba. Palepale stendi, katikati ya makanga na wauza mayai. Baada ya mazishi aliniambia kitu kimoja tu: "Heri ningeambiwa nikiwa na watu wangu, shem. Wale watu wa stendi waliniangalia nikiwa na uji." Sikusahau.

Kwa hiyo jioni ile, nikiwa nimesimama katika jiko la Wangu na ufunguo wa nyuzi mkononi, nilikuwa na hakika ya mambo mawili. Zedekiah amekufa. Na mama yake hataingia hospitali ile akiwa na tumaini, peke yake na mimi, kisha aambiwe na mgeni mwenye kalamu mfukoni. Safari hii ataambiwa akiwa na watu wake.

Nilimpigia Sammy, kaka yake Ajwang, mwenye duka la vyuma Kawangware. Nilimweleza nilivyoelezwa.

Kisha akauliza, "Amekufa?"

"Sammy, unajua vile hawa watu huongea."

"Najua." Nilimsikia akivuta pumzi. "Dada yangu ana presha. Usimwambie kitu. Wacha nikusanye wamama wawili watatu wa kanisa, nitafute gari, nikuje. Mshike hapo, Oduor. Asitoke."

"Nitamshika na nini?"

"Si uko na muziki?"

Nikaizima simu kabisa, isije ikalia mbele yake. Nikamwita Wangu pembeni, nikamwambia. Alifunga mdomo kwa mikono yote miwili. Wangu ni binti wa Kikuyu wa mjini, wazazi wake na babu zake wamezaliwa mwendo wa nusu saa kutoka pale, na labda ndiyo maana aliuliza swali ambalo mimi sikuliuliza.

"Lakini wamesema ako na madaktari. Si hiyo inamaanisha ako hai?"

"Hata maiti huwa na daktari."

"Mzee, hiyo hospitali ni hapo tu. Ni ten minutes kwa miguu. Wacha nitoe gari, nimpeleke mama sasa hivi. Kama ni mbaya, ni mbaya."

"Wangu, wewe ni mtoto," nilimwambia, na nikamwambia kwa ukali. "Hujui mambo haya. Umewahi kumwona mama akiambiwa? Mimi nimewaona. Fungua mlango, watu waingie."

Alinitazama macho yamejaa maji. Halafu akafanya nilivyosema, kwa sababu mimi ni mzee na yeye amelelewa vizuri.

Saa moja kamili nikaanza. Uani kulijaa. Kando yangu kulikuwa na kigoda cha Zedekiah, na watu wakauliza mwenzangu yuko wapi, nikawaambia Nairobi imemkalia kooni, atafika. Walicheka. Ajwang naye alicheka. Nilipiga wimbo wa kwanza huku mguu wangu ukigonga kama mguu wa mtu mwingine. Mikono ilifanya kazi yenyewe, na hilo lilinichukiza. Nilidhani ningekosea au uzi ungekatika. Hakuna kilichotokea. Nilipiga vizuri.

Katika wimbo wa tatu nilimwona Ajwang akitoa simu. Akaweka sikioni, akashusha, akaweka tena. Wimbo ulipoisha akanyanyuka, akaniinamia.

"Simu yake ni mteja, haipatikani. Shem, huyu mtoto si wa kuchelewa. Wacha nitoke hapo barabarani nimwangalie."

"Kaa, Mama Zed. Huenda chaji imeisha. Ukitoka mtapishana."

"Dakika mbili tu."

"Mvua hiyo. Kaa, nikupigie ule wa nyumbani kwa Ogola."

Hakuwa ameusikia wimbo ule tangu Ogola aage dunia. Ni wimbo wa kilima cha kwao na ng'ombe wanaoteremka kwenda kunywa maji, hauna maneno mengi. Ogola alikuwa akiuomba kila tulipokutana, na akiusikia alikuwa anavua viatu. Nilijua fika ninachofanya. Nilichukua kitu kilichokuwa cha mume wake nikamfungia nacho mlango. Alirudi akaketi polepole, mkoba magotini, na kufikia ubeti wa pili kichwa chake kilikuwa kikienda na kurudi. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

Baada ya hapo sikuacha nafasi. Kwa kawaida kila baada ya nyimbo nne napumzika, nakunywa chai, natukana kidogo serikali, watu wanafurahi. Usiku ule wimbo mmoja uliingia ndani ya mwingine. Vidole vilianza kuuma. Wangu alisimama mlangoni na simu yake mkononi akisubiri Sammy, na kila nilipomtazama alitikisa kichwa: bado. Baadaye nilikuja kujua kwamba Sammy alikuwa amekwama Gitanga Road, gari limejaa akina mama wanne wa kanzu nyeupe wanaoomba kwa sauti, na mbele yao lori limezima katikati ya njia.

Sasa lazima nieleze desturi moja, kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa kilichofuata. Kwenye nyatiti, msikilizaji ana haki ya kusimamisha muziki. Anasimama, anapiga kelele, anaweka kitu kidogo kwenye bakuli, kisha anajisifu, au anamsifu mtu wake mbele ya watu wote: ni nani, mtoto wa nani, amefanya nini. Sisi tunaita pakruok. Mpigaji anachukua sifa hizo anazirudisha kwa wimbo, neno kwa neno. Hawezi kukataa. Kazi yake ndiyo hiyo. Vijana wa Kilimani wanaipenda sana, jioni hiyo walikuwa wameshafanya watatu: mmoja alisifu mbwa wake, mwingine benki yake, mwingine aliposimama akasahau alichotaka kusema.

Ajwang akasimama.

Mwanamke wa kanzu nyeupe, aliyevunja upinde kwa goti. Alisimama na mkono juu, kitambaa kimemteleza nyuma kichwani, akapaza sauti ambayo sikujua anayo.

"Simamisha hiyo kitu!"

Nikasimamisha. Watu wakashangilia.

"Mimi ni Ajwang!" alisema. "Mke wa Ogola, hata kama amelala. Mimi ni mama ya Zedekiah. Zedekiah fundi wa stima, anaweka taa kwa nyumba za matajiri Muthangari, halafu kwetu Kawangware anatuwachia koroboi!"

Uani kulilipuka kicheko. Yeye mwenyewe alicheka, akajishika kiuno, akangoja wanyamaze, kama mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote.

"Huyo mtoto nilimzaa mwenyewe. Nikamwambia hii muziki ni ya shetani. Nikavunja fimbo yake. Sikujua. Nimekaa hapa nimesikiza, na nimesikia baba yake. Basi mbele ya nyinyi watu wote, watoto wa wenyewe, nasema nilikosea. Zedekiah apige orutu mpaka mkono iishe!" Makofi. Akatazama saa yake ya mkononi, akaiinua juu watu waione. "Na muone! Saa mbili na robo! Mwanamuziki gani huyu anachelewa kuliko mama yake? Oduor, mwite! Mwambie mama yako amefika, unangoja nini?"

Alifungua leso yake, akatoa noti ya mia mbili iliyokunjwa mara nne, akaiweka kwenye bakuli langu. Alibaki amesimama, mikono imepanuliwa, akingoja sifa zake zirudishwe.

Nilimtazama. Kama ningekuwa na nia ya kusema, ilikuwa ni hapo. Ningeweka nyatiti chini, nimshike mkono, tutoke. Nilifikiri: mbele ya watu hawa wote, wenye simu juu wakimrekodi? Nilifikiri: Sammy atafika sasa hivi. Kisha nikaimba. Nilimwita Zedekiah mwana wa Ajwang, mwana wa Ogola, mwenye kuwasha taa za watu. Nilimwambia mama yake amefika. Nilimwambia asikawie. Niliimba kwa sauti yangu yote kumwita kijana niliyeamini amelala kwenye chuma baridi, na mama yake akacheza. Alicheza kwa mabega, namna wanawake wa kwetu wanavyocheza, na wasichana wawili wa ofisini wakainuka wakacheza naye, na uani mzima ukapiga makofi. Wangu aliingia ndani. Hakuweza kutazama.

Sammy alifika saa mbili na nusu. Ajwang aliwaona wale akina mama wanne wa kanzu nyeupe wakiingia kwa pamoja kupitia mlango wa mkahawa, na kwa dakika moja akaona haya, akadhani kanisa limekuja kumkamata akicheza. Akaanza kujifunika kichwa. Kisha akaona uso wa kaka yake. Walimzunguka wakamshika huku na huku, na yeye akasema, polepole, "Zedekiah," na Sammy akasema, "Twende, dada. Twende tukamwone."

Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Nilijiambia hivyo nikiwa nimebanwa nyuma ya gari la Sammy na njuga bado mguuni. Hakuwa peke yake. Hakuwa na uji. Alikuwa ameegemea watu wake, wanamwimbia taratibu, na nilijiona nimelipa kitu nilichokuwa nadaiwa tangu stendi ya Kisumu.

Safari ilichukua dakika nne.

Kwenye kaunta ya dharura tulipokewa na nesi mmoja mfupi, kibandiko chake kimeandikwa Kasyoki. Sammy alipotaja jina la kijana, nesi alitutazama sote mmoja mmoja, akaweka kalamu chini.

"Nyinyi ndio watu wa Zedekiah? Oduor ni nani?"

"Mimi."

"Ni wewe nilikupigia." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na nafikiri alikuwa karibu kulia. "Nikapiga tena mara tatu, ukawa mteja. Simu yake ilivunjika kwa ajali, hatukuwa na namba nyingine. Hiyo yako alinitajia mwenyewe, kutoka kichwani."

Nilisikia maneno hayo na sikuyaelewa. Sammy aliyaelewa kabla yangu. Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Alikutajia? Alikuwa anaongea?"

"Alikuwa anaongea, eeh. Alikuwa anavuja damu ndani, na madaktari walijaribu, mama, walijaribu sana. Lakini alikuwa anaongea karibu mpaka mwisho. Alikuwa anauliza kama mama yake amefika. Nilimwambia yuko njiani." Akamgeukia Ajwang, akamshika mkono. "Pole, mama. Pole sana. Alituacha saa mbili na robo."

Akina mama wa kanisa wakaanza kulia, mmoja akapiga magoti sakafuni. Sammy alikwenda ukutani akaweka paji la uso kwenye rangi. Mimi nilibaki nimesimama, na kila nilipojaribu kuhama, njuga zililia, kwa hiyo sikuhama.

Ajwang hakulia. Alimshukuru nesi. Alisema asante mara mbili, kwa adabu, kisha akanigeukia.

"Huyu nesi alikupigia saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Na ulisema nini?"

"Nilisema nimesikia. Mama Zed, nilidhani amekwisha kufa. Unajua vile huwa tunaambiwa. Unakumbuka Kisumu, ulivyosema, heri uambiwe ukiwa na watu wako. Sikutaka uje hapa peke yako na wageni. Nilikuwa nakungojea watu wako."

Alinisikiliza hadi mwisho. Alitikisa kichwa polepole kana kwamba anakubali, na kwa muda mfupi, Mungu ananiona, nilitumaini.

"Saa mbili na robo," alisema. "Tulikuwa kwa wimbo gani?"

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka, shem," alisema Ajwang. "Nilikuwa nimesimama. Nilikuwa nacheka, na wewe unanipigia."